Nani Ashike Koki?

Mpishi wa shughuli anajua jambo ambalo sisi wa uhandisi wa kemikali tunalisomea miaka minne: pilau ya watu mia tano si pilau ya watu watano mara mia. Ukichukua vipimo vya nyumbani, ukavizidisha kwa mia na kutia kila kitu kwenye sufuria moja, chini kutaungua, katikati kutakuwa bokoboko na juu wali utabaki na kiini. Mpishi mzoefu hupunguza maji, hupalia makaa juu ya mfuniko, hugawa sufuria. Na hakubali kazi ya watu mia tano kama hajawahi kupika ya watu hamsini.

Sababu yake ni hesabu ya darasani. Sufuria ikikuzwa mara kumi kila upande, eneo la kuta zake huongezeka mara mia, lakini ujazo wake huongezeka mara elfu. Joto hupita ukutani, chakula hukaa ndani. Kwa hiyo kila lita iliyomo sasa ina sehemu ya kumi tu ya ukuta iliyokuwa nayo mwanzo. Kwenye pilau, joto linashindwa kuingia. Kwenye mmenyuko wa kemikali unaozalisha joto lake wenyewe, joto linashindwa kutoka. Joto huharakisha mmenyuko, mmenyuko huongeza joto, na baada ya hapo hakuna wa kuuliza.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, mjini Bhopal, India, maji yaliingia kwenye tangi lililokuwa na tani 40 hivi za kemikali iitwayo methili isosianeti. Mtambo wa kulipoza tangi hilo ulikuwa umezimwa. Kemikali hiyo hiyo kwenye chupa ya maabara ingekuwa hatari ya chumba kimoja. Kwenye tangi iligeuka wingu, na maelfu ya watu waliolala jirani na kiwanda walikufa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa nafaka ni kweli, kwa akiba ya kikoba ni kweli. Lakini hiyo ni methali ya vitu visivyobadilika tabia vinapokuwa vingi. Vipo vinavyobadilika: moto, maji, na mamlaka juu ya watu.

Ndiyo maana kati ya chupa ya maabara na kiwanda wahandisi huweka kitu cha tatu, yaani kiwanda cha majaribio. Ni kikubwa vya kutosha kuonyesha matatizo ambayo chupa huyaficha, na ni kidogo vya kutosha kwamba kikiharibika hakiui mtu wala kufilisi kampuni. Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyebuni plastiki ya Bakelite huko Marekani mwaka 1907, anakumbukwa katika fani yetu kwa usia huu: makosa yafanye kwa kipimo kidogo, faida itafute kwa kipimo kikubwa. Ni usia mzuri, nami nauamini. Ila una tundu. Hausemi kosa dogo ni dogo kwa nani.

Swali hilo limenijia kupitia orodha ya manunuzi. Nasoma shahada ya uzamili, na andiko langu linahusu kuchagua vifaa vya mtambo mdogo wa majaribio unaofaa kuwekwa kwetu Ubaruku, wilayani Mbarali. Anayeijua Ubaruku anajua mpunga. Ukiacha barabara kuu ya Tanzam na kuingia bonde la Usangu unakutana na majaruba na mifereji, kisha mashine za kukoboa, na nyuma ya mashine kuna vilima vya makapi. Makapi mengine huchomea matofali. Mengine huwashwa tu ili nafasi ipatikane, yakafuka moshi mchana na usiku.

Katika kila kilo 100 za mpunga, kilo 20 hivi ni makapi. Makapi yakiungua huacha majivu yenye uzito wa takribani moja ya tano ya makapi yenyewe, na sehemu kubwa ya majivu hayo, asilimia 85 hadi 95, ni silika. Yakichomwa taratibu, chini ya nyuzi 700 hivi za selsiasi, silika hubaki katika hali inayoyeyuka kirahisi kwenye kostiki soda. Yakiachwa yawake kwa moto mkali zaidi, silika hujipanga kuwa fuwele, huwa ngumu kuyeyuka, na vumbi lake ni adui wa mapafu. Majivu mazuri yakichemshwa na kostiki soda hutoa silikati ya sodiamu, inayotumika kwenye sabuni na gundi ya maboksi. Ukiongeza asidi ya salfuriki, silika hujitenga kama uji mweupe. Ukiuchuja, ukauosha na kuukausha, unapata unga unaoingia kwenye matairi, rangi na dawa ya meno.

Kwenye chupa ya nusu lita kazi hii haina shida. Ila kila mara hubaki kitu kingine, nacho ni maji ya kuoshea yenye salfati ya sodiamu. Chuoni maji hayo huingia kwenye dumu, na dumu huchukuliwa na mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Ubaruku kuna mfereji. Sodiamu ikizidi kwenye udongo wa mfinyanzi, udongo huvurugika, hukataa kupitisha maji, na ukikauka huwa kama saruji. Mfereji unaopita karibu na mashine leo, kesho uko kwenye jaruba la mtu.

Orodha yangu ina vitu ambavyo fundi yeyote wa Mwanjelwa angevielewa. Tangi la lita 100 lenye kuta mbili, ili mvuke au maji baridi yapite katikati ya kuta. Kikorogeo chenye mota inayobadilishwa kasi. Boila ndogo. Pampu mbili. Kichujio cha fremu na vitambaa vyake. Tangi la plastiki kwa hatua ya asidi, kwa sababu asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji hula hata chuma kisichoshika kutu, wakati kostiki soda ya moto hula alumini na hudhoofisha kioo. Vipimajoto vitatu kwenye tangi moja, kwa kuwa joto la chini si lazima liwe joto la juu. Vali ya usalama.

Kisha kuna uamuzi unaopandisha gharama ya orodha nzima: vifaa havichomelewi kwa pamoja. Kila kifaa kinasimama kwenye fremu yake na kuungana na mwenzake kwa mabomba mafupi na klampu zinazofunguliwa kwa mkono. Leo unatengeneza silika, mwakani unakamua mafuta ya pumba laini, mwaka unaofuata unachemsha mchaichai kwa mvuke kupata mafuta ya manukato. Mtambo wa aina hii unaitwa nyumbufu. Sababu ya kiuchumi ni rahisi: soko la silika likianguka, tangi halianguki nalo. Lakini nimegundua kwamba kinachonivuta zaidi ni sababu nyingine. Mtambo uliochomelewa hujitetea. Ukishalipia mabomba yasiyoweza kufanya kitu kingine, utatafuta hoja za kuendelea hata pale namba zinapokwambia uache. Klampu ni namna ya kuahidi mapema kwamba ukionyeshwa umekosea, utaweza kubadilika.

Nchi hii imewahi kuona gharama ya kuruka ngazi hii. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 likazaliwa wazo la kulima karanga Afrika Mashariki, sehemu kubwa Tanganyika, kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Hawakuanza na shamba la majaribio la misimu michache. Haraka ilikuwa kubwa, na matrekta ya mitumba yalikuwa njiani. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu na kula majembe ya matrekta, mvua ikagoma, na mwaka 1951 mpango ukafutwa ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Maswali ambayo shamba la ekari mia lingeyajibu yaliulizwa kwa kipimo cha nchi.

Baada ya uhuru serikali ililijua pengo hilo. SIDO iliundwa mwaka 1973, TIRDO mwaka 1979, ili viwanda vidogo na utafiti wa viwanda viwe na mahali pa kusimama. Mifano mizuri ipo. Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa majaribio wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na taka za mkonge, ukianzia na kilowati 150, kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Huo ni mtambo wa kati hasa: umeme halisi, kutokana na taka halisi, kwenye shamba lile lile linalozizalisha.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani jibu langu ni "jaribu kwanza, kuza baadaye", kisha twende nyumbani. Lakini kuna kisa kingine kinachonisumbua, kwa sababu hapo majaribio yalifanyika, na yakafaulu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kijiji cha Litowa, Songea, wakulima walianza kuishi na kulima pamoja kwa hiari yao. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mwalimu Nyerere alivutiwa navyo. Kwa lugha ya fani yangu, Litowa ilikuwa kiwanda cha majaribio kilichotoa matokeo mazuri. Mwaka 1969 chama hicho kilivunjwa, na kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini katika Operesheni Vijiji, wengi wao kwa nguvu. Kilichokuzwa ni umbo: nyumba zilizopangwa mistari, shamba la pamoja, jina la kijiji. Kilichofanya Litowa iwe Litowa, yaani watu kuamua wenyewe leo tufanye hivi na kesho tuache, hakikukuzwa. Kiliachwa Songea.

Nadharia ya kukuza mitambo ina kanuni inayoeleza jambo hili vizuri kuliko hotuba nyingi. Huwezi kukikuza kitu na kila sifa yake ikabaki ilivyokuwa. Ukitaka umbo la tangi libaki vilevile, uwiano wa ukuta kwa ujazo utabadilika. Ukitaka nguvu ya kukoroga kwa kila lita ibaki vilevile, kasi ya ncha za kikorogeo itabadilika. Hakuna ujanja wa kulikwepa hili. Mhandisi lazima achague kipi kisibadilike, kisha aviache vingine vibadilike na kuvifidia. Akichagua vibaya, kiwanda kitafanana na mtambo wa majaribio kwa sura tu.

Nimeanza kuamini kwamba uchaguzi huu ni wa kimaadili kabla haujawa wa kihandisi. Tunapokikuza kitu kitakachogusa maisha ya watu, kipi kisibadilike? Jibu langu ni hili: uwezo wa aliye jirani kusema "simamisha" na pakasimama. Kwenye maabara uwezo huo upo bila kuuomba, kwa sababu anayejaribu ndiye anayeunguzwa. Nikimwaga kostiki soda, ni mkono wangu. Kadiri kipimo kinavyokua, mkono unaofungua koki unazidi kuwa mbali na mkono unaoungua. Hakuna mtu aliyeamua kuwa katili. Ni umbali tu umeongezeka, kama vile ukuta unavyopungua kwa kila lita.

Usangu tumeliona hili bila kemikali yoyote. Mfereji mmoja unaochepushwa na familia moja hauonekani mtoni. Mkulima anaona jaruba lake, na mto unaendelea kutiririka. Mifereji ilipokuwa mingi, mashamba makubwa na madogo yakajumlishwa, Ruaha Mkuu ukaanza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, tangu mapema miaka ya 1990. Viboko wakabanana kwenye madimbwi, na wa bwawa la Mtera wakaanza kuuliza maji yako wapi. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu na ng'ombe wao. Mtu anaweza kubishana siku nzima nani hasa aliukausha mto. Ninachokiona ni kwamba hakuna mfereji hata mmoja uliokuwa kosa kubwa, na bili ilipokuja haikugawanywa kwa mifereji.

Likizo iliyopita nilimweleza baba yangu mdogo, ambaye ana mashine ya kukoboa, kuhusu mtambo wangu. Nilidhani ataniuliza bei ya silika. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mwanangu, mimi mashine yangu ikileta moshi mbaya naizima. Huo wako nani anauzima?"

"Mhandisi wa zamu, baba."

"Na siku hiyo akiwa Mbeya?"

Nikamweleza kuhusu vali ya usalama na kengele ya joto. Akatikisa kichwa. "Hizo zinalinda tangi. Mimi nakuuliza wa mkiani."

Wa mkiani, kwa lugha ya kwetu, ni yule ambaye shamba lake liko mwisho wa mfereji. Maji humfikia mwisho, na uchafu humfikia wote.

Kuna hoja dhidi yangu, na si nyepesi. Ya kwanza: kusubiri nako kuna gharama. Moshi wa makapi unavutwa leo, na vijana wanaotafuta kazi Ubaruku wanaitafuta leo. Anayedai uhakika kabla ya kila hatua mara nyingi ni mtu mwenye mshahara. Ya pili: anayepewa koki anaweza kuifunga kwa hofu tu, kwa wivu, au kwa siasa za uchaguzi wa kijiji. Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Vijiji vyetu vimechoka kuwa pailoti. Kuna mibao ya miradi ya majaribio inayoshika kutu barabarani, ambayo haikukua wala kufa, na kila mmoja ulikuja na dodoso lake na soda za mkutano. Kumfanya mtu awe jaribio la kudumu nako ni dhuluma.

Hoja ya kwanza naikubali, na ndiyo maana nataka mtambo ujengwe, tena Ubaruku kwenyewe penye makapi. Hoja ya tatu inanisaidia kuliko inavyonipinga. Majaribio yasiyoisha ni yale ambayo watu waliofanyiwa hawakuwa na uwezo wa kuyamaliza, ama kwa kuyakataa au kwa kuyadai yakue. Hoja ya pili ni ya kweli, wala sina dawa yake kamili. Nauliza tu: mbona hofu ya mwenye mtaji kuhusu fedha zake tunaiita tahadhari, na hofu ya wa mkiani kuhusu udongo wake tunaiita ujinga? Maji yakimwagika hayazoleki. Mwenye mtambo nyumbufu ana klampu za kufungua na kuanza upya. Mwenye jaruba lililojaa sodiamu hana klampu.

Basi nimeandika upya orodha. Nimeongeza tangi la kuhifadhia maji yote ya kuoshea ya mzunguko mmoja, lisilo na bomba lolote kuelekea mferejini. Nimeongeza mabeseni mapana yaliyotandikwa plastiki nzito ya kukaushia maji hayo kwa jua, ambalo kiangazi cha Usangu kinalo la kutosha. Nimeongeza kipima chumvi cha mkononi, kifaa ambacho mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kufundishwa kwa mchana mmoja, na kikae kwa Jumuiya ya Watumia Maji badala ya kukaa ofisini kwetu. Na nimechora koki moja nje ya uzio, kwenye bomba la maji yanayoingia mtamboni. Ikifungwa, ulishaji unajizima wenyewe, tangi linapozwa kwa maji ya akiba yaliyo ndani ya uzio, na mzunguko mpya hauwezi kuanza. Ufunguo wake uwe na Jumuiya.

Vyote hivyo vimekula fedha. Tangi kuu, ambalo mwanzo lilikuwa la lita 200, limebaki la lita 100. Msimamizi wangu amenipa pingamizi la haki kabisa: kadiri tangi la majaribio linavyokuwa dogo, ndivyo namba zake zinavyokuwa dhaifu kwa atakayejenga kiwanda. Ni kweli. Nitajua kidogo zaidi kuhusu joto na ukorogaji kwa kiwango cha juu. Nimekubali kujua kidogo, kwa sababu yale ambayo lita 200 zingenifundisha zaidi yangenifaa mimi na mwekezaji, na gharama ya kuyajua ingekuwa ya mtu ambaye jina lake halimo kwenye andiko.

Mwezi uliopita nilipeleka mchoro kwa viongozi wa Jumuiya. Hawakuuliza silika ni nini. Waliuliza: tukifunga, nanyi mkasema tumefunga bure, itakuwaje? Niliandika jibu palepale, pembeni ya mchoro, nao wakalisoma: mtambo hautawashwa mpaka pande mbili zisome kipima chumvi pamoja, mkiani mwa mfereji, hata kama itachukua wiki mbili. Makapi yanaweza kusubiri wiki mbili. Mpunga ulioshapandikizwa hausubiri.